Mmesahau ncha ya waya

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua, na naomba usinikatie maneno, maana nimeshayakata mwenyewe mara mbili. Shauri langu ni la bangili.

Jumamosi mbili zilizopita ukurasa wenu wa watoto ulieleza namna ya kutengeneza bangili ya shanga kwa waya nyumbani. Mjukuu wangu wa darasa la tano aliusoma kwa sauti hapa barazani kwetu Isevya, Tabora, mimi nikibangua karanga. Mkasema mtoto achukue waya wowote ulio nyumbani, atunge shanga mpaka zienee mkono, akunje ncha mbili, basi, bangili tayari. Picha ilikuwa nzuri, ya rangi. Ncha hazikuonekana pichani.

Waya uliokuwapo nyumbani ni ule wa kufungia nondo, uliobaki tulipofunga linta ya choo. Akaukata kwa kisu cha jikoni, ambacho sasa kina pengo na bibi yake hajamsamehe. Akatunga, akakunja ncha kama mlivyomwelekeza, Jumatatu akavaa kwenda shule. Kabla ya mapumziko ncha moja ilikuwa imenasa sweta la mwenzake na kuvuta uzi mpaka kiwikoni. Katika kunasuana ikamkwaruza yule mtoto shavuni. Jioni nilikwenda kwa wazazi wake kuomba radhi, nikamwona mwenyewe: mkwaruzo uko chini ya jicho, na kati yake na jicho kidole changu kimoja kingejaa pasibaki nafasi. Mwalimu alikusanya bangili zote za darasa, hata za wasiokuwa na kosa. Na mkono wa mjukuu ukabaki na duara la kutu, kwa sababu waya wa nondo ni chuma kitupu na mtoto akicheza hutoka jasho.

Mimi si mtu wa shanga. Ni fundi mstaafu wa simu za reli. Miaka 31 nimepanda nguzo kati ya Tabora na Kigoma, Urambo, Kaliua, Nguruka, Uvinza, masika na kiangazi, nikiunga nyaya zilizokatika na kubana zilizolegea. Kwa hiyo sweta na kisu nilivivumilia. Kilichoniudhi ni ile "kunja ncha". Msimamizi wangu wa kwanza, Mungu amrehemu, alikuwa na tabia ya kuchukua konzi ya pamba na kuipitisha juu ya kila kiungo ulichofunga. Ikiacha hata unyuzi mmoja, unapanda tena nguzo, jua la saa nane lisikuhusu. Alikuwa akisema waya una ncha mbili tu, na fundi anajulikana huko. Katikati hata mtoto anaweza kunyoosha.

Basi nikamwambia mjukuu lete shanga zako, babu yako atakuonyesha. Nilijiamini, sifichi.

Aibu ya kwanza ilikuwa macho. Aibu ya pili ilikuwa kuku. Nilimwaga shanga kwenye sinia bati, sinia likatikisika, shanga zikakimbilia sakafuni, na kabla sijapata miwani, kuku wa bibi yake alikuwa ameshadonoa za buluu kadhaa. Kuku hudonoa changarawe kusagia chakula, kwa hiyo hakuumwa, ila mjukuu alikaa siku mbili akimfuata nyuma kwa matumaini. Hapo ndipo mke wangu alipoinuka, akatandika kipande cha khanga chenye unyevu kidogo, akamwaga shanga juu yake zikatulia kama zimeamriwa. Akashika waya, akauchovya kwenye kilima cha shanga kama mtu anayekoroga uji, ukatoka na shanga sita. Mimi nilikuwa naokota moja moja kwa kidole. Nikamuuliza alijifunzia wapi. Akaniambia mambo ya shanga za kiunoni hayaulizwi barazani. Nikanyamaza.

Sasa waya. Mkisema "waya wowote", Mhariri, mnamwambia nani? Waya wa nondo una kutu na ni mnene, haupiti kwenye shanga ndogo. Waya wa senyenge umepakwa zinki lakini ni mkaidi, ukiukunja kwa vidole vya mtoto unarudi ulikotoka. Nilichokitafuta mimi ni shaba nyekundu ya nusu milimita, na niliipata kwa kijana anayefunga mitandao ya kompyuta. Kebo ile ina nyaya nane ndani zilizosokotwa mbili mbili, na kila mmoja una shaba ya karibu nusu milimita, kipimo hasa cha kazi hii. Alinipa vipande alivyokuwa anakwenda kuvitupa. Kuna kitu kimoja cha kuangalia: kebo za bei rahisi ndani ni aluminiamu iliyopakwa shaba juu. Kwaruza kwa wembe, ukiona weupe, achana nao, utakatika ukiukunja mara ya pili. Yapo pia mabaki ya mafundi umeme, ila waya wa nyumba, ule wa milimita za mraba 1.5, una unene wa karibu milimita 1.4. Unafaa kwa kulabu, haufai kwa kutungia.

Na mmenye plastiki kwa kisu au wembe, mkubwa akishika kisu. Msichome. Naona watoto mitaani wanachoma kebo kwenye takataka ili wapate shaba, na moshi wa plastiki ile unakata koo na kuwasha macho. Shaba yenyewe hutoka nyeusi na dhaifu, hasara juu ya hasara.

Hapa naomba nitoke nje ya njia kidogo. Waya wa shaba ulionyooka, mnene, unaouzwa kwa kilo na kijana asiyeeleza ameutoa wapi, msiununue hata kwa bangili moja. Nimeamshwa saa tisa usiku mara nyingi nisizoweza kuhesabu, kwa sababu kati ya stesheni na stesheni simu imekufa na treni imesimama porini ikingoja ruhusa ya kuingia kwenye njia. Ukifika unakuta nguzo mbili zinatazamana, katikati hakuna kitu, waya umeibwa. Jambo lenyewe si geni. Wakati reli ya Uganda inajengwa kule Kenya, Wanandi walikuwa wakikata nyaya za telegrafu na kuzifanya mapambo. Wale angalau walizivaa wenyewe.

Turudi. Shanga zinauzwa kwa namba, na namba inakwenda kinyume: namba ikikua, ushanga unakuwa mdogo. Namba 11 una upana wa karibu milimita 2, namba 8 karibu 3, namba 6 karibu 4. Ukipanga namba 11 kwenye waya, sentimita moja inakula kama saba. Bangili ya sentimita 17, ambayo ndiyo ya wanawake wengi, inakula karibu shanga 120. Mtoto wa darasa la tano havumilii 120. Mpeni namba 8, zinazohitajika chache zaidi, na tundu lake halimtesi. Mtoto wa chini ya miaka mitatu asikae karibu na kazi hii kabisa. Kuku ana firigisi, mtoto hana.

Kupima, zungusha uzi kwenye kifundo cha mkono, ongeza sentimita moja na nusu ili bangili ipumue, kisha ongeza sentimita nne kila upande kwa ajili ya ncha. Sentimita nne, si moja. Ukiona mtu amebakiza sentimita moja ujue anataka kufanya kile mlichokiandika ninyi.

Na hapa ndipo barua yangu ilipo. Kukunja ncha ikawa duara ni kutengeneza ndoano. Kitanzi cha namna hiyo kinategemea ugumu wa waya peke yake, na waya wa nusu milimita hauna ugumu wa kutegemewa. Kivute kidogo kinafunguka, shanga zinamwagika, na ncha inabaki imesimama ikimtafuta mtu. Linalotakiwa ni jicho la kuzungushia. Kwenye ile sentimita ya nne, kunja waya upate pembe mraba. Chukua mrija wa ndani wa kalamu ya wino, uweke penye pembe, upitishe mkia, yaani ile ncha ndefu, juu yake mpaka ulivuke shina, yaani waya unaoelekea kwenye shanga. Sasa una jicho. Usikate. Lishike jicho kwa plaizi ya mdomo mwembamba, ulishike bila kulibamiza, na ule mkia uuzungushe kwenye shina mara tatu, kila mzunguko ukilala ubavuni mwa mwenzake kama mabunda ya tumbaku ghalani. Kisha kata mkia karibu na shina iwezekanavyo. Kitabaki kijincha kisichofika nusu milimita. Hicho kibonyeze kwa plaizi kilale, kielekee upande wa shanga, na ushanga wa kwanza usogee usimame mlangoni pake.

Nilipofika hapo nilicheka mwenyewe. Ni kiungo chetu! Waya wa simu ukikatika, unaviweka vipande viwili sambamba, mkia wa huyu unazungushwa kwenye shina la yule, na wa yule kwenye shina la huyu. Nimefunga viungo vya namna hiyo mpaka kwenye ndoto. Uzuri wake ni kwamba kiungo hakitegemei ugumu wa waya. Kadiri unavyovuta ndivyo mizunguko inavyobana. Tembo akiegemea nguzo, waya hukatika pengine lakini penye kiungo hapaachii.

Msifikiri niliweza mara ya kwanza. Mkono ulizoea waya mnene, nikazungusha mara sita kama niko juu ya nguzo, bangili ikawa na shingo kama ya mbuni. Nikaifungua ili nipunguze, nikazungusha tena, nikaifungua tena, ikakatika. Waya ukikunjwa na kukunjuliwa mahali pamoja hukakamaa, na ukishakakamaa hauna tena mapenzi na wewe. Shaba ina dawa yake: kipande kisicho na shanga ukiweke kwenye makaa mpaka kiwe chekundu kwa mbali, ukitumbukize majini, kitalainika upya. Patasi ukiifanyia hivyo inakuwa ngumu. Shaba iko kinyume, sijui ilimkosea nani. Lakini mtoto afundishwe kuzungusha mara moja, polepole, na kama amekosea akate kipande kingine. Ndiyo maana nilitafuta waya wa bure.

Upande wa pili kuna mtego mwingine. Ukishatunga shanga zote usizisukume zikabanana. Acha nafasi ya shanga mbili hivi kabla ya kufunga jicho la pili. Bangili ikipinda, shanga husukumana, na kama hazina pa kwenda, waya unajikunja kiwiko au ushanga unapasuka. Tuliuona mmoja ukipasuka, mlio wake kama kupasua chawa. Umbo la duara lipatikane kwa kuizungushia kwenye chupa ya soda, kwa mikono. Nyundo ikae mbali, shanga ni vioo.

Kufunga, mimi natumia kulabu ya waya wa fundi umeme. Sentimita nne, unaikunja katikati ili kichwa chake kiwe mkunjo na si ncha, halafu ncha zake mbili zinaishia kwenye jicho dogo lililosuguliwa kwa tupa na msasa. Msichomelee kwa risasi. Risasi ya kuchomelea tuliyokuwa tukitumia kwenye simu ilikuwa mchanganyiko wa bati na risasi yenyewe, na watoto wana tabia ya kutia bangili mdomoni wakati mwalimu anafundisha hesabu.

Sina pamba ya msimamizi wangu, ila nina mtandio wa mke wangu, ule mwepesi. Kila bangili ikimalizika, mjukuu anaupitisha mtandio kote, ndani na nje, mara mbili. Ukinasa, kazi inarudi. Mwanzoni alilia. Sasa ananikagua mimi.

Nimeambiwa na jirani, kwa kebehi kidogo, kwamba mwanamume wa rika langu kushinda chini ya mwembe akitunga shanga ni kuishiwa kazi. Nilimkumbusha kwamba yuko Tabora. Bibi yangu mzaa baba alivaa sambo miguuni mpaka anazeeka: waya mwembamba wa shaba umezungushiwa juu ya singa za mkia, za twiga kama zimepatikana, za ng'ombe kama hazikupatikana, pete kwa pete, nyingi, na akitembea unasikia. Nilikuwa mdogo, nilikuwa nazikagua kwa kidole nikitafuta waya unaishia wapi. Sikupata. Aliyezitengeneza alikuwa amerudisha ncha ndani ya mizunguko. Kazi hiyo ilikuwa ya mafundi wanaume, na hakuna aliyewacheka.

Na mji wenyewe ulikuzwa na vitu hivi viwili. Burton, msafiri Mwingereza, alipofika hapa mwaka 1857, wakati ule kwenye misafara pakiitwa Kazeh, shanga zilikuwa fedha: zilihesabiwa kwa kete, yaani tungo, na kete kumi zilifanya fundo moja. Nyingi zilitoka Venice kupitia Unguja, na zile nyekundu, samisami, ndizo zilizogombewa. Mwaka 1871 Stanley, mwandishi wa gazeti, kabla ya kuja huku kumtafuta mmisionari Livingstone, alinunua Unguja magunia 22 ya shanga na ratili 350 za waya wa shaba ya njano, na akaandika kwamba unene wake ulikaribia ule wa waya wa telegrafu. Niliposoma hayo nilikaa kimya kidogo. Mzigo ule ulipita hapa kwa mabega ya wapagazi miaka 41 kabla reli haijafika Tabora, na ulikuwa, kwa kipimo, waya wangu. Watu walifungua koili zile wakazivuta nyembamba, wakavaa. Tena ninyi mnatuandikia "waya wowote".

Jambo dogo la shaba, maana wasomaji watalalamika: inaacha ukijani kwenye ngozi. Ni jasho linaishambulia shaba, unaoga unatoka. Bangili ikififia, isugue kwa limau na chumvi, suuza, kausha vizuri. Asiyetaka ukijani apake ncha na sehemu za wazi rangi ya kucha isiyo na rangi, ingawa itabidi arudie baada ya wiki chache. Wenye ngozi inayowashwa na hereni za bei rahisi mara nyingi wanasumbuliwa na nikeli, na shaba tupu kwa kawaida huwa haiwaletei shida hiyo. Kuhusu bangili za mpira sina la kusema. Zinakatika, kila mtu anajua.

Ninachoomba, Mhariri, ni masahihisho kwenye ukurasa ule ule wa watoto, si kwenye kona ya mwisho karibu na matangazo ya viwanja. Andikeni aina ya waya na unene wake. Andikeni sentimita nne za ncha. Choreni ile mizunguko mitatu, maana kwa maneno matupu nimemaliza nusu ya barua na bado sina hakika mtu ameelewa. Mchoraji wenu akikwama, mjukuu wangu amechora yake kwa penseli, nimeikunja humu ndani. Mkono wa juu umemshinda kuchora, msimcheke.

Mwalimu bado hajaruhusu bangili. Nilimpelekea mbili na mtandio, nikamwomba akague mwenyewe. Aliupitisha, haukunasa, akaupitisha tena kwa nguvu. Akasema atafikiri. Yule mtoto aliyekwaruzwa tumemtengenezea ya namba 8, nyekundu na nyeupe, na anaivaa nyumbani. Sweta mama yake alilishona, tukalipia uzi.

Ndani ya bahasha kuna bangili moja. Ni ya mwandishi wa ukurasa ule. Simjui mkono wake, kwa hiyo nimeweka sentimita 17 na jicho la ziada upande mmoja, aifupishe akitaka. Aivae siku nzima kazini akiwa na sweta. Halafu aivute kwa nguvu zake zote.

Fundi Simu Mstaafu,
Isevya, Tabora.
(Jina kamili unalo, Mhariri, lakini usilichape. Jirani atapata la kusema.)